Kuunganisha, kuoanisha, kusanifisha: mifumo ya vifurushi vya programu huria na vitenzi vyake

Waya mbili huunganishwa, na mashamba mawili huunganishwa. Waya zikishaunganishwa hubaki mbili, kila moja ikiwa na ncha yake nyingine. Mashamba yakishaunganishwa kwa kung'oa mpaka huwa shamba moja. Kitenzi ni kimoja, matokeo ni mawili. Umbo lenyewe ndilo linaloruhusu hali hiyo: mzizi *-ung-*, kiambishi cha kutendana *-an-* na kiambishi cha kusababisha *-ish-* hutupa maana ya "kufanya vitu vishikane". Halituambii kama vitu hivyo, baada ya kushikana, vinaendelea kuhesabiwa kimoja kimoja.

Katika mazungumzo ya kila siku upungufu huo haudhuru, kwa kuwa kila mtu anajua waya ni nini na shamba ni nini. Katika matini za teknolojia ya habari hudhuru, kwa sababu mara nyingi msomaji hakijui kitu kinachozungumziwa na hutegemea kitenzi kimfahamishe. Kiingereza hutumia neno moja kwa kuunganisha kompyuta na intaneti, na neno jingine kwa kuunganisha miradi miwili iwe mmoja. Mfasiri wa Kiswahili huandika *unganisha* kotekote.

Makala haya yanaupima utata huo katika uwanja mmoja ambamo watu wamejaribu, kwa zaidi ya miaka ishirini, kuvifanya vitu vingi viwe kimoja: mifumo ya vifurushi vya programu huria. Katika uwanja huo yamefanyika matendo manne tofauti, na kila tendo lina kitenzi chake katika Kiswahili. Anayeyaita yote *kuunganisha* humwambia msomaji jambo lisilo kweli.

Istilahi za msingi

*Programu huria* ni programu ambayo msimbo wake chanzo uko wazi, na leseni yake humruhusu mtu yeyote kuutumia, kuurekebisha na kuusambaza.

*Kifurushi* ni udogo wa *furushi*, yaani mzigo uliofungwa pamoja, hasa wa nguo. Nchini Tanzania neno hili limezoeleka kwa maana ya muda wa maongezi au data inayonunuliwa kwa mkupuo. Katika programu huria, kifurushi ni faili moja lililobeba programu, maelezo kuihusu, na orodha ya vitu vingine ambavyo programu hiyo inavihitaji ili ifanye kazi.

*Mfumo wa vifurushi* ni jumla ya mambo matatu: muundo wa faili hilo, zana za kulisakinisha na kuliondoa, na kanuni zinazoeleza jinsi linavyopaswa kutayarishwa. Jambo la tatu husahaulika mara nyingi, ingawa ndilo zito kuliko yote.

*Hazina* ni mahali pa mtandaoni ambapo vifurushi huhifadhiwa ili watumiaji wavichukue. Baadhi ya wafasiri husema *ghala*. Maneno yote mawili yanafaa, mradi matini moja isiyachanganye.

*Utegemezi* ni uhusiano kati ya kifurushi na kile kinachokihitaji. Hapa tahadhari inahitajika. Mtu *tegemezi* ni yule anayewategemea wengine. Kwa hiyo *kifurushi tegemezi* ni kile kinachohitaji kingine. Wafasiri wengi hugeuza mwelekeo na kukiita tegemezi kile kinachohitajiwa. Usahihi ni kusema *kifurushi kinachotegemewa*.

*Mkusanyo* ni neno nitakalotumia kwa mfumo mzima wa Linux unaotolewa ukiwa na vifurushi vyake, kama Debian, Fedora au Ubuntu. *Usambazaji* hutumika pia, lakini hilo ni jina la tendo, na sentensi kama "usambazaji huu una hazina mbili" humlazimisha msomaji kusimama na kufikiri upya.

Mifumo miwili iliyokua sambamba

Mradi wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ndani yake ilizaliwa zana iitwayo dpkg, na vifurushi vyake huishia na herufi .deb. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Red Hat ilitengeneza mfumo wake, RPM, ambao baadaye ulipokewa pia na SUSE, Fedora na wengineo. Ubuntu, iliyoanza kutolewa mwaka 2004, ilifuata njia ya Debian.

Kwa nje mifumo hii hufanana mno. Kila mmoja hubana mafaili pamoja, hutaja jina na toleo, huorodhesha utegemezi, na huweka kumbukumbu ya kilichosakinishwa. Ndiyo maana swali huulizwa tena na tena: kwa nini isiwe mmoja? Mtayarishaji wa programu huchoka kuandaa kitu kilekile mara mbili au tatu; mtumiaji hupakua faili na kuambiwa kwamba si la kompyuta yake.

Kama tatizo lingekuwa muundo wa faili peke yake, lingekwisha zamani. Faili la .deb huweza kufunguliwa, yaliyomo yakatolewa na kufungwa upya kama RPM kwa dakika chache. Ugumu uko katika majina, katika maana, na katika mpangilio wa matendo. Hayo ni mambo ambayo mwanaisimu huyatambua upesi.

Ugumu wa majina

Seva ya tovuti ya Apache huitwa apache2 katika Debian, na httpd katika Fedora. Mafaili ya kutengenezea programu zinazotumia maktaba ya usimbaji ya OpenSSL yamo katika libssl-dev upande mmoja, na openssl-devel upande wa pili. Kitu ni kimoja, majina mawili. Msemaji wa Kiswahili anaijua hali hiyo: anayesema *njia* na anayesema *ndia* hupita barabara moja.

Hali ya kinyume ni mbaya zaidi: jina moja, vitu viwili. Neno *ndoo* katika Kiswahili sanifu ni chombo cha kuchotea maji, ilhali katika baadhi ya lahaja za kaskazini ni amri ya kumwita mtu aje. Katika Debian, kwa miaka kadhaa, Node.js haikuweza kuitwa kwa amri yake ya kawaida, *node*, kwa sababu jina hilo lilikuwa limeshachukuliwa na programu ndogo ya mawasiliano ya redio. Watumiaji walilazimika kuandika *nodejs*, na maelekezo yaliyoandikwa kwingineko hayakufanya kazi kwao. Mwaka 2012 suala hilo lilifikishwa mbele ya Kamati ya Kiufundi ya Debian ili lipate uamuzi. Huo ulikuwa mgongano wa jina moja tu. Debian 12, iliyotolewa mwaka 2023, ina vifurushi zaidi ya 64,000.

Tena majina hayalingani moja kwa moja. Debian hupenda kuigawa programu moja katika vifurushi kadhaa: maktaba peke yake, maelezo peke yake, zana za kutengenezea peke yake. Mkusanyo mwingine huweza kuigawa kwa namna tofauti au usiigawe kabisa. Hivyo orodha ya majina sawia haitoshi, kama vile kamusi ya lugha mbili isivyoweza kutoa neno moja kwa kila neno. Kifurushi kimoja cha huku hugusa viwili na nusu vya kule.

Ugumu wa maana na mpangilio

Hata pale jina linapolingana, maana huweza kutofautiana. Chukua namba za matoleo. Katika Debian alama ya kiwimbi (~) humaanisha "kabla ya": 1.0~rc1 ni toleo la majaribio linalotangulia 1.0. Alama hiyo ikiondolewa, 1.0rc1 huhesabiwa kuwa jipya kuliko 1.0, na kompyuta hukataa kusakinisha toleo kamili kwa kudhani ni la zamani. RPM iliipokea alama hiyo miaka mingi baadaye. Vilevile, Debian kwa muda mrefu imetofautisha "kinahitajika", "kinapendekezwa" na "kinaweza kufaa". RPM ilipata ngazi hizo rasmi mwaka 2014 katika toleo 4.12. Kabla ya hapo, aliyehamisha kifurushi kutoka upande mmoja kwenda wa pili alikuwa na chaguo mbili, zote mbaya: kugeuza pendekezo kuwa sharti, au kulifuta.

Mpangilio wa matendo nao ni lugha. Kifurushi kinapoboreshwa, mfumo huendesha hati fupi za amri, kwa mfano ya kusimamisha huduma na ya kuianzisha. Katika dpkg, hati ya toleo la zamani ya kujiandaa kuondoka hutangulia. Baadaye hati ya toleo jipya humalizia kazi. Katika RPM, hati ya toleo jipya ya kumalizia usakinishaji huendeshwa kwanza, kisha ndipo hati ya toleo la zamani ya kuondoka. Ni kama nyumba mbili za kupanga. Katika ya kwanza, mpangaji wa zamani hutoka ndipo mpya aingie. Katika ya pili, mpya huingia kwanza, na wa zamani anapotoka lazima aelezwe kwamba asifunge mlango wala asiondoke na funguo. Hati iliyoandikwa kwa nyumba ya kwanza ikipelekwa katika ya pili bila marekebisho, huduma huanzishwa kisha huzimwa papo hapo, na kompyuta haitoi onyo lolote.

Kuna pia suala la kuuliza. Kifurushi cha Debian huruhusiwa kumuuliza mtumiaji maswali wakati wa usakinishaji. Kifurushi cha RPM hutakiwa kusakinishwa kimya. Mtumiaji akiwa amerekebisha faili la mipangilio, dpkg humuuliza kama alihifadhi au alibadilishe. RPM haimuulizi, bali huweka nakala kando yenye kiishio cha.rpmnew au .rpmsave. Hakuna upande ulio na kosa. Kila upande umejenga desturi yake, na watunza vifurushi, wengi wao wakiwa wa kujitolea, wameandika maelfu ya vifurushi kwa kuitegemea desturi hiyo. Kuifuta ni kuwataka warudie kazi ya miaka.

Njia nne zilizojaribiwa

*Kusanifisha.* Mwaka 2001 ilitolewa Linux Standard Base, kanuni iliyokusudia programu moja iweze kusakinishwa katika mikusanyo yote. Kwa vifurushi, kanuni hiyo ilichagua muundo wa RPM, katika umbo lililopunguzwa. Haikuitaka Debian iache dpkg. Iliitaka iwe na uwezo wa kupokea vifurushi vya RPM vilivyoandikwa kwa kufuata kanuni. Mwaka 2006 ilifanywa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 23360. Hata hivyo, programu zilizotayarishwa kwa kuifuata zilikuwa chache mno, na mwaka 2015 Debian iliacha kuishughulikia sehemu kubwa yake.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kuusimamia uamuzi huo. Kimvita, pamoja na utajiri wake wa ushairi, hakikuchaguliwa, lakini hakikufa. Bado kinasemwa na kuandikwa. Kusanifisha si kuunganisha. Ni kuteua umbo moja kwa matumizi rasmi na kuyaacha mengine yaendelee. Tofauti ya matokeo nayo inafundisha. Kiswahili sanifu kilipata shule, mitihani na vitabu vilivyokilazimu kitumike kila siku. Linux Standard Base ilipata waraka, lakini haikupata watu wa kutosha waliokuwa na sababu ya kuutumia.

*Kutafsiri.* Zana iitwayo alien hugeuza kifurushi cha muundo mmoja kuwa cha muundo mwingine, na ndiyo iliyoiwezesha Debian kutimiza sharti lililotajwa hapo juu. Hufaa kwa programu nyepesi. Maelezo yake yenyewe humwonya mtumiaji asiitumie kubadilisha vifurushi vya msingi wa mfumo. Sababu tumeshaiona: hugeuza chombo, lakini haiwezi kubashiri maana zote zilizomo ndani yake.

*Kuoanisha.* Kitenzi hiki, kutoka *oa*, kinataja vitu viwili vinavyowekwa kufanya kazi pamoja huku kila kimoja kikibaki na nafsi yake. Karibu mwaka 2000 kampuni ya Conectiva ya Brazili iliichukua APT, zana ya Debian ya kutafuta na kuleta vifurushi, ikaifanya ifanye kazi juu ya RPM. Mwaka 2007 Richard Hughes alianzisha PackageKit, tabaka linalomwonyesha mtumiaji sura moja ilhali chini yake kila mkusanyo unaendelea na zana zake. Huduma ya Repology nayo hulinganisha majina ya vifurushi katika hazina nyingi na kuonyesha kipi ni kipi. Hiyo, kwa kweli, ni kamusi, na watunzaji wake hukutana na matatizo yaleyale ya mtunga kamusi: visawe, homonimu, na maneno yasiyo na sawia kamili.

*Kuungana.* Mfano wa muungano kamili upo pia, katika lugha ya programu ya Python. Maendeleo ya zana ya vifurushi iitwayo Setuptools yalipodorora, baadhi ya watayarishaji waliinakili na kuiendeleza kwa jina la Distribute. Kwa miaka kadhaa ziliishi mbili. Mwaka 2013 ziliungana, na matokeo yakatolewa kama Setuptools 0.7. Distribute ikabaki ganda tu la kuwapeleka watumiaji wake kwenye Setuptools.

Kwa nini hapa iliwezekana? Zana hizo zilikuwa na asili moja, zikitofautiana kwa miaka michache tu. La muhimu zaidi, Distribute haikubadilisha jina la ndani: programu zilizoitegemea ziliendelea kuita *setuptools*. Muungano ulipofika, hakuna aliyelazimika kuandika upya jina hilo katika msimbo wake. Debian na Fedora hazina bahati hiyo. Majina yao yamekua mbalimbali kwa miongo mitatu, na kila jina limetajwa ndani ya vifurushi vingine vingi.

Matumizi: kitenzi kipi, wapi

*Ungana, unganisha (miradi).* Vitumike pale vilivyokuwa viwili vimekuwa kimoja, na angalau kimoja cha awali kimekoma kujitegemea. TANU na ASP ziliungana tarehe 5 Februari 1977 na kuwa CCM. Hakuna aliyeweza baada ya hapo kujiunga na TANU. Sahihi: "Distribute iliunganishwa na Setuptools mwaka 2013."

*Unganisha (kwenye au na).* Kwa maana ya kuweka mawasiliano, kitenzi kisindikizwe na neno linaloonyesha mwelekeo. Sahihi: "Unganisha kompyuta kwenye hazina ya Debian." Sentensi "unganisha hazina" peke yake ina utata na iepukwe.

*Oanisha.* Kwa vitu vinavyobaki viwili lakini vinavyofanya kazi pamoja. Sahihi: "PackageKit huioanisha mifumo ya vifurushi." Si sahihi: "PackageKit imeiunganisha mifumo ya vifurushi."

*Sanifisha.* Kwa kuteua umbo moja kuwa kipimo cha wote. Sahihi: "Linux Standard Base ilikusudia kusanifisha muundo wa vifurushi." Kitenzi hiki hakidai kwamba maumbo mengine yametoweka.

*Geuza.* Kwa kazi ya alien, *geuza* ni bora kuliko *tafsiri*, kwa sababu *tafsiri* humfanya msomaji adhani maana imehifadhiwa. Sahihi: "Kigeuze kifurushi cha RPM kiwe cha .deb, kisha ukijaribu kabla ya kukitegemea."

*Changanya.* Kitenzi hiki kina maana mbili, kuweka pamoja ovyo na kutatanisha, na zote mbili zinafaa hapa. Kuchukua vifurushi kutoka hazina za mikusanyo au matoleo tofauti na kuviweka katika kompyuta moja ni kuchanganya, na mradi wa Debian huwaonya watumiaji wake dhidi ya jambo hilo. Kisitumike kwa miradi iliyoungana kwa makubaliano.

Kwa mfasiri na mwalimu

Kabla ya kuchagua kitenzi, matini ya asili iulizwe maswali matatu. Baada ya tendo, vimebaki vingapi? Majina yanayotumika sasa ni ya nani? Nani anavitunza? Jibu likiwa "kimoja, jina moja, kundi moja", andika *ungana* au *unganisha*. Jibu likiwa jingine lolote, mojawapo ya vitenzi vingine ndicho kinachosema kweli.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikwishaonyesha kwamba programu huria huweza kuzungumza Kiswahili. Kazi iliyobaki ni ya maelezo yanayoizunguka programu: miongozo, masomo, ujumbe wa makosa. Mwalimu anayetunza kompyuta kumi za shule hana mtaalamu wa kumpigia simu. Akisoma kwamba mifumo ya vifurushi "imeunganishwa", atachukua faili lolote alilopewa na kujaribu kulisakinisha, na kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi huenda isifanye kazi mchana. Akisoma kwamba "imeoanishwa", atajua kwamba bado iko miwili, na ataangalia kwanza kompyuta yake iko upande gani.